Kamera Kubwa na Zana za Kufundishia

Yapo maoni yanayosikika mara kwa mara katika vyuo vya ualimu kwamba chuo kisicho na vifaa vya kisasa hakiwezi kumwandaa mwalimu wa kisasa. Maoni haya yanapofika katika mkutano wa kugawa fedha za zana za kufundishia, mara nyingi huzaa pendekezo moja: inunuliwe kamera kubwa. Wapinzani nao hujibu kwamba siku hizi wanachuo wengi wana simu zenye kamera, basi fedha hizo zikanunue karatasi za manila, rangi na gundi. Makala haya yanakusudia kulipima jambo hilo kwa kuitazama kamera moja mahsusi, Nikon D7000, ambayo nimeitumia pamoja na wanachuo katika kutengeneza vielelezo vya masomo. Ilitangazwa mwaka 2010 na haitengenezwi tena, lakini hupatikana ikiwa imekwisha kutumika. Ni kamera ya daraja la kati: imepita ile ya mtu anayejifunza, wala haijafikia ile ya mpiga picha aishiye kwa kazi hiyo.

Tuanze na mwanga, kwa kuwa hapo ndipo madarasa yetu yanapoishinda simu. Darasa la shule ya msingi mara nyingi lina madirisha upande mmoja au pande mbili, ukuta uliofifia rangi, na taa zisizowaka. Bapa la kupokea mwanga lililomo ndani ya D7000 lina upana wa milimita 23.6 na kimo cha milimita 15.6, ambalo ni kubwa mara nyingi kuliko lile la simu ya kawaida. Kwa sababu hiyo hukusanya mwanga mwingi zaidi, na picha iliyopigwa darasani bila ya taa hubaki safi, haijai chembechembe.

Lakini ukubwa wa bapa peke yake haumsaidii mwalimu asiyejua kuamua. Mtoto mwenye ngozi nyeusi, aliyevaa shati jeupe na kukaa mbele ya dirisha, ni mtihani kwa kamera yoyote. Kamera hupima mwanga wote, hudanganywa na weupe wa shati na wa dirisha, kisha huupunguza mwanga. Uso wa mtoto hutoka kama kivuli. Nimeona mabango ya shule ambamo watoto wetu hawana macho wala midomo, na hakuna aliyelalamika. Katika D7000 kipo kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, karibu na kile cha kupigia picha. Ukikibonyeza na kuzungusha gurudumu hadi kujumlisha 1, uso huonekana. Simu nyingi nazo zina njia ya kufanya hivyo, lakini mwenye simu hushawishika kuiachia iamue yenyewe. Kamera hii humlazimisha mwanachuo aulize: katika picha hii, ni kitu gani ninachotaka kionekane?

Swali hilohilo hurudi tunapofika kwenye tundu la lenzi, na hapa sikubaliani na wapenzi wengi wa kamera kubwa. Wao huisifu kwa sababu huweza kufifisha kila kilicho nyuma ya kitu kinachopigwa, hata picha ikapendeza kama ya kalenda. Kwa mwalimu wa sayansi sifa hiyo mara nyingi ni hasara. Tuseme mwanachuo anaandaa somo la sehemu za mmea wa mhindi. Akifungua tundu hadi f/4 na kusogea karibu, atapata mbelewele nzuri ajabu zinazoelea katika ukungu wa kijani. Mwanafunzi wa darasa la nne hataona zipo kileleni, wala hataona kwamba gunzi changa lenye nywele lipo chini yake, kwenye kwapa la jani. Tundu likibanwa hadi f/11 na mpigaji akarudi nyuma hatua mbili, mmea mzima huonekana pamoja na udongo wake. Picha ya pili haina urembo, lakini ndiyo inayofundisha. Zoezi ninalolipendekeza ni mwanachuo azipige zote mbili, azibandike ubaoni, kisha wenzake wauulize kila moja yale ambayo mtoto angeuliza. Aidha, aweke kiberiti kando ya kitu kidogo ili ukubwa wake ufahamike.

Lenzi ni sifa nyingine. Mdomo wa kufungia lenzi uliomo katika kamera hii ulianza mwaka 1959, na ndani ya D7000 mna mota inayoweza kulenga kwa lenzi nyingi za zamani zisizo na mota yao. Lenzi ya milimita 50 ya aina hiyo, ndogo na isiyo ghali, hufanya kazi kikamilifu hapa, ilhali katika kamera nafuu za kampuni hiyohiyo, kama D3100, mtu hulazimika kulenga kwa mkono. Ipo pia nafasi ya kadi mbili za kumbukumbu, moja ikitunza nakala ya nyingine. Inachekesha kidogo kwamba D7500 ya mwaka 2017, iliyo mpya zaidi, imerudi kwenye kadi moja.

Udhaifu wake mkubwa kwa chuo upo katika video. Wengi hutamani kamera hii ili kurekodi mazoezi ya kufundisha, na kwa kazi hiyo nasema wazi kwamba haifai. Rekodi moja haizidi dakika 20, na kipindi cha dakika 40 hukatwa katikati. Mwalimu akitoka ubaoni kwenda madawati ya nyuma, lenzi hutangatanga ikimtafuta, na maikrofoni ya ndani hunasa mlio wa lenzi hiyo. Tundu ya maikrofoni ya nje ipo, lakini hiyo ni gharama nyingine. Simu iliyosimamishwa juu ya kabati hufanya kazi hii vizuri zaidi.

Uzito nao si mdogo: gramu 780 pamoja na betri, kabla ya kufunga lenzi. Watoto wadogo huacha kusoma na kuitazama. Haina njia ya kupeleka picha kwenye simu bila waya. Lenzi ya milimita 18 hadi 105 iliyokuwa ikiuzwa pamoja nayo hailengi kitu kilicho karibu kuliko sentimita 45, hivyo mdudu mdogo kama fukusi hutoka kama nukta.

Kwa hiyo rai yangu ni chuo kiwe na kamera moja ya aina hii, si tano, na itumike kufundishia uamuzi wa picha na kutengenezea vielelezo vitakavyodumu. Kumbukumbu za kila siku zibaki kwa simu. Picha za watoto, kwa kifaa chochote, zisipigwe bila idhini ya mkuu wa shule na wazazi.

Anayetumwa kuinunua iliyokwisha kutumika asidanganywe na mwili unaong'aa. Pazia lake lilijaribiwa kwa mipigo 150,000, na idadi ya mipigo iliyokwisha kupigwa husomeka kwa kompyuta katika taarifa zinazoambatana na picha. Abane tundu hadi f/16, apige picha ya ukuta mweupe au anga, kisha aikuze. Madoa madogo ya kijivu yanayobaki mahali palepale katika kila picha ni vumbi au mafuta juu ya bapa, na kusafisha bapa ni kazi ya fundi, basi gharama hiyo ikatwe katika bei kabla fedha hazijatoka mkononi.