Sheria za zamani hazijafa

Tukitetea desturi za wazee, wanatujibu: ya zamani imekufa. Apana! Mwaka wa 2008, kule Marekani, wenye Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kusimulia hadithi na kurusha dadu, walileta sheria mpya. Paizo, shirika dogo, likakataa. Likabaki na zile za 2003, juu leseni iliruhusu, na likaomba wachezaji wenyewe waonyeshe makosa yake. Wengine wakacheka, ati ni woga. Woga gani? Wengi walifurahi sana: vitabu walivyonunua kwa pesa yao havikugeuka takataka! Mwaka wa 2019 Paizo nayo ikabadilisha sheria, ndiyo, lakini tangu 2018 ilikuwa imewapa wachezaji wazijaribu kwanza.