Katikati ya karo tuweke nini?

Wamama wenzetu, dushi ikitengenezwa upya tunahangaika na rangi ya karo, lakini kile kinachojazwa katikati yake tunamwachia masoni. Hapa Kabimba simenti ni ya kwetu, kiwanda kiko hapa hapa, basi anakoroga simenti tupu na maji, anapaka, anakwenda zake. Karo zikiwa zimebanana, nafasi chini ya milimita 3, inaweza kushika. Nafasi ikiwa pana zaidi, simenti tupu inajikaza ikikauka, kisha inapasuka. Maji ya kuoga yanaingia kwenye ufa, yanakaa chini, na karo inaanza kulia kama debe ukiikanyaga. Hapo unalipa kazi mara ya pili.

Kwa hiyo pimeni nafasi kwanza. Ikizidi milimita 3, nunueni unga wa karo wenye mchanga ndani, au changanyeni simenti na mchanga laini uliochekechwa vizuri. Maji yawe kidogo. Ukiwa uji mwepesi, utakauka dhaifu na kutoka kwa brosi. Karo zishike siku nzima kabla ya kujazwa. Baadaye lowesheni kidogo kidogo kwa siku 3, bila mtu kuoga pale. (Masoni atasema mnachelewesha. Dushi si yake.)

Kwenye kona tieni silikoni, maana ukuta na sakafu vinachezacheza. Nyeupe inapendeza dukani; nyumba yenye watoto, sisi tungechukua kijivu. Kuosha, sabuni inatosha: ndimu na asidi vinakula simenti. Tena asidi na javeli msivichanganye kamwe, mvuke wake ni sumu.