Nilifuta Bila Kuuliza

Mwezi huu sikupi ushauri, naungama.

Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10, Oktoba 14, 2025, kompyuta yetu hapa Boko ilikuwa kuukuu mno kubeba Windows 11. Mimi ni mshabiki wa Linux: ni ya bure, na haichagui mashine. Basi Jumamosi moja, baba watoto akiwa kazini, nikafuta Windows kimyakimya.

Jioni akakaa na mwanetu wacheze gemu lao la mpira. Halipo! Ligi yao ya miaka miwili imekwenda na maji. Hakufoka. Alisema tu, “Mama watoto, si ungeniuliza?” Jamani, iliniuma kuliko kelele.

Siku hizi mifumo yote miwili ipo: Windows ya gemu, bila intaneti, Linux ya kazi zangu. Wameanza ligi upya, na mimi wamenipa timu. Nafungwa kila wiki, lakini naitwa kucheza.

Je, wewe umefuta nini cha mwenzako bila kumuuliza?