Mfinyanzi Asiachwe Gaeni

Hapana mwalimu wa Kiswahili asiyeijua methali isemayo, "Mfinyanzi hulia gaeni." Huandikwa ubaoni, wanafunzi wakainakili, kisha maelezo yakatolewa kwa sentensi moja tu: mtengenezaji wa kitu kizuri aghalabu hakitumii yeye mwenyewe. Somo likaendelea na methali inayofuata. Sisi tunaofundisha lugha hii hapa Mudende, katika Wilaya ya Rubavu, twasema waziwazi kwamba ufundishaji wa namna hiyo waidhulumu methali, na wamdhulumu mfinyanzi pia. Methali hiyo ni shtaka. Mwenye kuifundisha kana kwamba ni kanuni ya maumbile, kama jua kuchwa magharibi, huwazoesha watoto kuukubali uonevu.

Nchini Rwanda shtaka hilo lina ushahidi. Kwa vizazi vingi kazi ya ufinyanzi ilikuwa hasa ya Batwa, ambao siku hizi katika lugha ya serikali hutajwa kuwa ni watu walioachwa nyuma na historia. Inkono iliyopikiwa maharage, ikibindi kilichotekewa maji, intango iliyotiliwa pombe ya ndizi siku ya arusi, vyote vilitoka mikononi mwao. Hata hivyo, desturi ya zamani iliwakataza watu wengine kula nao chombo kimoja au kunywa nao pamoja. Chungu kilikaribishwa ndani. Aliyekifinyanga akabaki uani.

Tena katika karne ya 20 misitu ya Gishwati na ya milima ya volkano iligeuzwa hifadhi, malisho na mashamba, na waliokuwa wakiitegemea wakatolewa humo pasipo ardhi ya kutosha. Udongo ukawa tegemeo lao la mwisho. Huo nao haupatikani kwa urahisi. Udongo mweusi wa volkano tulio nao huku ni neema kwa viazi na kwa majani ya ng'ombe, lakini haunati vya kutosha kufinyangwa. Udongo wa mfinyanzi, ambao Wanyarwanda huuita ibumba, huchimbwa mabondeni penye vinamasi. Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 iliviweka vinamasi mikononi mwa dola, na vingi vimepangiwa kilimo cha mpunga na mazao mengine. Hatuupingi mpunga. Twauliza tu: katika mipango hiyo, kipande cha mfinyanzi ki wapi? Mfinyanzi asiye na udongo ni mvuvi asiye na ziwa.

Wapo wasemao kwamba zama za chungu zimekwisha. Sufuria na dumu la plastiki vimekuja, basi na kazi hiyo ife kwa amani. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nasi hatutamshauri mama apandaye kilima na maji kichwani alitupe dumu lake jepesi akabebe mtungi. Lakini kuwa chepesi njiani si kuwa bora nyumbani. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu chombo kina vinyweleo: maji kidogo hupenya hadi nje, yakageuka mvuke, na mvuke ukaondoka na joto. Chungu cha maharage hushika moto muda mrefu baada ya kuni kuondolewa. Majiko yanayobana matumizi ya kuni, ambayo Wanyarwanda huyaita rondereza, nayo huundwa kwa udongo. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, ikasifiwa duniani kote. Ajabu ni kwamba baadhi ya waisifuo sheria hiyo hukiona chombo cha udongo kuwa alama ya umaskini!

Wengine husema chungu ni kichafu na hakidumu. Hao hawajafundishwa kukitunza. Chungu kipya huchemshiwa kwanza uji mwembamba, ili wanga uzibe vinyweleo. Hakiwekwi kitupu juu ya moto mkali, wala hakitolewi motoni kikatuliwa penye sakafu yenye maji, kwani huweza kupasuka. Hakioshwi kwa sabuni nyingi, maana huinywa na kuirudisha katika chakula. Huanikwa hadi kikauke kabisa ndipo kikahifadhiwa. Mjapani aliyenunua chungu chake cha udongo kiitwacho donabe hufanya vivyo hivyo, hata kukichemshia uji wa wali siku ya kwanza. Huko hakuna aitaye mazoea hayo ushamba. Huitwa adabu ya jikoni.

Kwa kuwa tumeitaja Japani, tuitazame vizuri, kwani kundi la pili la wapinzani wetu hupenda kuitolea mfano. Hawa husema chungu ni urithi wa taifa, kwa hiyo kiwekwe katika makumbusho na kiuzwe kwa watalii. Japani ilitunga sheria ya kulinda mali za utamaduni mwaka 1950, na mwaka 1955 mfinyanzi Hamada Shōji alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutambuliwa na dola kuwa mwenye ufundi wa kulindwa. Kilichopewa heshima ni mtu mwenye ufundi, angali hai, angali na udongo vidoleni. Tusisahau pia kwamba baadhi ya ufinyanzi mashuhuri wa kisiwa cha Kyushu ulianzishwa na wafinyanzi wa Korea waliochukuliwa mateka katika vita vya 1592 hadi 1598. Huko nako chombo kiliwahi kutukuzwa huku mwenye mikono akiwa mtumwa. Basi funzo la Japani kwetu si rafu za vioo. Funzo ni kwamba kukisifu chungu na kumdharau mfinyanzi ni maradhi ya kale, na dawa yake ni sheria pamoja na bei ya haki.

Kundi la tatu ndilo lituumizalo zaidi, maana limo katika taaluma yetu. Hawa huuliza: mwalimu wa lugha ana nini na udongo? Jibu limo katika lugha yenyewe. Mnyarwanda husema kubumba, yaani kufinyanga chungu. Shina hilo la kale la Kibantu lilipofika katika Kiswahili lilidondosha sauti b ya mwanzo, likawa kuumba. Kutokana nalo tumepata umbo, kiumbe, maumbile, na jina tukufu kuliko yote, Muumba. Kila Mswahili amtajapo Muumba wake hutamka neno la mfinyanzi. Je, kuna kazi nyingine iliyopewa heshima hiyo na lugha yetu? Hata mwanahistoria hulia gaeni: vigae vya mtindo uitwao Urewe, kwa jina la mahali palipo magharibi mwa Kenya, vimefukuliwa Rwanda na katika nchi jirani, navyo vimetuonyesha maisha ya watu waliokaa humu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Mtoto wa Mudende anayejifunza lugha hii mpya hana haja ya kuanzia mbali. Aambiwe kwamba kubumba na kuumba ni ndugu. Afunzwe kutofautisha chungu, mtungi, kikaango, chetezo na kigae. Ajue vitenzi vya kazi yenyewe: udongo huchimbwa, hupondwa, hukandwa, huchanganywa na vigae vilivyotwangwa ili usipasuke, chombo hujengwa kwa kamba za udongo, husuguliwa kwa kokoto, huanikwa kivulini, kisha huchomwa kwa kuni na nyasi. Hilo ni somo zima la sarufi na la maisha.

Kwa hiyo twatoa madai matatu. Kwanza, methali ya mfinyanzi isifundishwe tena pasipo swali hili: ni nani aliyemfanya alie gaeni? Pili, shule zimwalike mfinyanzi darasani awe mwalimu, alipwe kama mwalimu, na aketi pamoja na walimu wakati wa chakula. Tatu, wanaogawa matumizi ya mabonde watenge machimbo ya udongo kwa ajili ya vyama vya wafinyanzi, kwa maandishi, kama wanavyotengewa wakulima wa mpunga.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Wafinyanzi wakongwe wa nchi hii wangali hai, na wanafunzi wetu wangali wabichi. Udongo ukikauka, methali itabaki ubaoni, na hakutakuwa na mtu wa kuitolea ushahidi.