Akiba ya Mzee wa Kyuso Si Ushahidi Dhidi Yake

Malipo ya Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Hupewa wazee waliotimiza miaka 70 na wasio na pensheni, kaya zinazolea yatima, na kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kutoa shilingi 4,000 kila baada ya miezi miwili, lakini utaratibu huo umekuwa ukivunjwa mara kwa mara. Aprili 2020, korona ilipoingia nchini, kila mnufaika alilipwa 8,000, yaani haki yake ya Januari hadi Aprili. Mwaka 2022 na 2023 pesa zilikwama tena kwa miezi, kisha malimbikizo yakashuka kwa mkupuo. Mzee wa Kyuso, Kitui, aliyezoea kuhesabu noti chache akajikuta na bunda, na majirani nao wakaanza kumhesabia.

Hesabu ya majirani huongozwa na imani moja iliyoenea kutoka sokoni hadi kwenye baraza la chifu, na ambayo maafisa wengi huishiriki bila kuitamka: pesa za msaada ni za kula. Anayezila zikaisha ni mhitaji wa kweli. Anayebakiza, akanunua mbuzi au akaacha elfu mbili tatu kwenye akaunti, alikuwa nazo tangu mwanzo, na nafasi yake apewe mwingine. Imani hii huvaa sura ya haki, na ndiyo maana huwapita hata watu makini. Ukweli ni kwamba inamwadhibu maskini kwa kufanya lile ambalo kila semina ya maendeleo imemhimiza alifanye.

Kwanza, malimbikizo si bahati nasibu. Ni deni ambalo serikali ilichelewa kulilipa. Mzee ambaye hakulipwa miezi minne hakukaa miezi minne bila kula. Alikula kwa mkopo. Daftari la mwenye duka ndilo linaloeleza kilichotokea: unga, mafuta ya taa, sukari, chumvi, tarehe pembeni, na jumla inayopanda ukurasa baada ya ukurasa. Pesa zinapofika, sehemu kubwa huenda kwenye kaunta ya duka hilo kabla mzee hajafika nyumbani. Shilingi 2,000 zikigawanywa kwa siku za mwezi ni kama shilingi 67 kwa siku. Julai 2022 pakiti ya kilo mbili za unga wa mahindi ilivuka shilingi 200 kabla serikali haijaishusha kwa ruzuku ya wiki chache. Maana yake posho ya siku tatu ilimalizwa na pakiti moja, bila mboga, bila maji ya kununua, bila nauli ya kwenda hospitali. Kiwango chenyewe hakijaongezwa kwa zaidi ya miaka kumi ilhali bei zimeendelea kupanda. Basi akitokea mtu wa kubakiza chochote kutoka kwenye malimbikizo hayo, huyo amejinyima, na kujinyima hakujawahi kuwa dalili ya utajiri.

Pili, akiba ya Kyuso haina sura ya akiba ya Nairobi. Kyuso iko Mwingi Kaskazini, kwenye barabara itokayo Mwingi kuelekea Tseikuru, katika nchi kame ambako mkulima hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi. Hupandwa ndengu, kunde, mtama na mawele, mazao yanayovumilia kiu, na bado kuna misimu ambayo hata hayo hukauka yakiwa machanga. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika sehemu kubwa za maeneo kame ya Kenya. Mahali kama hapo mtu hawezi kuweka akiba kwenye shamba, na akaunti ya benki iliyo mbali na kijiji humtoza nauli kila anapotaka kuigusa. Kinachobaki ni mbuzi. Mbuzi jike hubeba mimba miezi mitano, hula vichaka ambavyo ng'ombe hawezi kuvifikia, na hutembea mwenyewe hadi sokoni siku ya kuuzwa. Akiuzwa Januari, mjukuu anaingia shule. Akiuzwa mgonjwa anapozidiwa, gari linapatikana.

Hapa serikali yenyewe inajipinga. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti kame, Kitui ikiwamo, na mojawapo ya vipimo vyake ni hiki: mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi. Kipimo hicho kikishuka, mamlaka husema hali inazidi kuwa mbaya. Kwa maneno mengine, ofisi moja ya umma inamtambua mbuzi kuwa ngao ya mwisho kati ya kaya na njaa. Ofisi nyingine, inayosajili kaya za kusaidiwa, huuliza kwenye fomu paa ni la nini, sakafu ni ya nini, maji yanatoka wapi na mifugo ni wangapi, na kila mnyama humsogeza mwenye boma mbali na msaada. Mbuzi yuleyule ni kinga katika ripoti ya kwanza na ni utajiri katika ya pili. Si ajabu kwamba katika nchi ya wafugaji mbuzi huwa na desturi ya kwenda kulala kwa shemeji msimu wa usajili.

Ukambani, ambako Kyuso ipo, unaufahamu ugomvi huu tangu zamani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi kupita kiasi. Ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa bei duni, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kimefunguliwa Athi River. Maelfu ya watu wakiongozwa na Muindi Mbingu waliandamana kwa miguu hadi Nairobi, wakakaa huko kwa majuma wakidai mifugo yao. Muindi Mbingu alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kurudi nyuma. Kwa afisa, ng'ombe walikuwa ziada inayoharibu udongo. Kwa mwenyewe walikuwa mahari, ada, na chakula cha mwaka wa njaa. Sababu za kukamata mifugo wakati ule na za kuihesabu sasa ni tofauti kabisa, ila macho yanayoitazama hayajabadilika sana.

Kwa upande wa wazee, hata kanuni haziungi mkono maneno ya baraza. Serikali ilipotangaza mwaka 2017 kwamba mpango utawafikia wazee wote wa miaka 70 na zaidi, ilikusudia umri uwe kigezo, pamoja na kutopokea pensheni. Mzee mwenye mbuzi sita hakuvunja sharti lolote. Umaskini uliendelea kupimwa kwa kaya za yatima na za walemavu, na hapo ndipo hofu ya kuonekana na kitu inapouma zaidi. Hofu hiyo haibaki kwao. Wazee wasio na sababu ya kuogopa nao huogopa, kwa kuwa kijijini hakuna anayesoma mwongozo wa mpango; kinachosikika ni kwamba fulani aliondolewa kwenye orodha baada ya kuezeka mabati.

Nchi tajiri zimeiandika imani hii katika sheria, na matokeo yanaonekana. Marekani ina mpango uitwao SSI kwa wazee, vipofu na walemavu wenye kipato kidogo. Mpokeaji hatakiwi kuwa na mali inayozidi dola 2,000, au 3,000 kwa mume na mke. Nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Pesa zilizo benki huhesabiwa. Viwango hivyo havijasogea tangu 1989. Malimbikizo ya SSI husamehewa kwa miezi tisa, kisha yale yaliyobaki huingizwa kwenye hesabu. Mtu aliyesubiri haki yake kwa mwaka mzima anapewa miezi tisa ya kuimaliza, la sivyo haki ileile inakuwa sababu ya kumkatia malipo yanayofuata. Uingereza ni mpole kidogo: katika mpango wa Universal Credit akiba ikizidi pauni 6,000, kila pauni 250 za ziada hupunguza malipo kwa pauni 4.35 kwa mwezi, na ikizidi 16,000 mtu hapati kitu. Malimbikizo huachwa nje ya hesabu kwa kawaida kwa miezi 12. Huko kuna angalau maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma na kukata rufaa. Kyuso kikomo hakijaandikwa popote. Kimo vichwani mwa watu, na hakuna afisi ya kukipinga.

Wanaoitetea imani hii huwa na hoja ya akiba na hoja ya ulevi, na huzichanganya. Wanasema mzee akipewa nyingi kwa pamoja atazinywa. Papo hapo wanasema akizihifadhi hazihitaji. Anayekunywa analaumiwa na anayeweka analaumiwa. Kuhusu ulevi, ushahidi upo. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya mwaka 2014 tafiti 19 kutoka mabara kadhaa na hawakuona kwamba ruzuku za fedha taslimu huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Hapa Kenya, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichunguza kaya za Rarieda, Siaya, zilizopewa fedha na shirika la GiveDirectly, nyingine kwa mkupuo na nyingine kwa awamu tisa za kila mwezi. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2016, hayakuonyesha ongezeko la pombe. Waliolipwa kwa mwezi walikula vizuri zaidi. Waliolipwa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu, mabati yakiwamo. Utafiti wa baadaye wa Abhijit Banerjee, Tavneet Suri na wenzao katika Siaya na Bomet ulionyesha jambo ambalo mwanachama yeyote wa chama kijijini angelibashiri: watu waliolipwa kidogo kidogo waliunda vyama vya kuchangiana ili wapate pesa kwa mkupuo.

Hoja yenye uzito ni nyingine. Bajeti ni ndogo, na wapo watu wanaostahili ambao bado hawajasajiliwa. Hilo ni kweli, lakini mbuzi wa mnufaika si mahali pa kutafuta nafasi. Nafasi zinapatikana kwa kusafisha orodha, kuondoa majina ya waliofariki na wanaopokea pensheni, mambo yanayothibitishwa kwa kumbukumbu za serikali yenyewe bila kuingia zizini kwa mtu. Isitoshe, kaya iliyopoteza mbuzi wake ili ibaki kwenye orodha hurudi ikihitaji chakula cha msaada msimu ukifeli, na gharama ya lori la mahindi kufika Tseikuru si ndogo.

Kuna pia hatari ambayo haifai kufichwa: bunda la pesa huvuta jamaa. Mjukuu anayemsindikiza nyanya kwa wakala, au mlezi aliyeandikishwa kuchukua kwa niaba yake, anaweza kurudi na nusu. Malipo ya kila mwezi kwa tarehe inayojulikana hupunguza kishawishi hicho kuliko onyo lolote, kwa sababu 2,000 hazimtoi mtu Mombasa.

Mengine ni ya kiutawala na hayahitaji sheria mpya. Fomu ya kaya inaweza kutohesabu mifugo hadi idadi fulani, kulingana na ukame wa eneo, kwa kuwa mbuzi watano Kyuso si mbuzi watano Limuru. Chifu anaweza kutangaza barazani kwamba fedha zilizolipwa kwa kuchelewa, pamoja na kilichonunuliwa kwazo, si kigezo cha kumwondoa mtu. Na kila malimbikizo yanapotumwa, ujumbe utaje miezi inayolipwa. Mzee anayepokea 8,000 bila kuelezwa huishi akidhani kwamba zilizidi kwa makosa na zitadaiwa; akijua ni za Januari, Februari, Machi na Aprili, atapanga ipi ni ya duka, ipi ni ya dawa, na ipi ni ya mbuzi.