Pelmeni si sambusa, wacheni kukaanga nyama

Wasee, ukikaanga nyama kabla ya kuifunga, hizo si pelmeni tena. Hiyo ni akili ya sambusa. Kule Siberia nyama ya kusaga huingia mbichi, na kitunguu na chumvi, ndani ya unga uliokandwa kwa maji na yai, bila hamira, ukasukumwa ukawa mwembamba. Najua mnaogopa nyama mbichi. Lakini kapelmeni ni kadogo: chemsha, zikielea zipe dakika chache zaidi, zimeiva. Supu ya nyama inabaki ndani, na huo ndio utamu wenyewe. Ukikaanga kwanza, utamu umeuacha kwa sufuria. Sasa unakula nini, chapati ya kuchemsha?