Mwezi wa kalenda na mwezi wa angani

Ikiwa umeushika ukurasa huu ukingoja chakula cha mchana kiive, nipe dakika chache. Leo nataka tuzungumze juu ya grafu. Tafadhali usigeuze ukurasa! Sizungumzii zile grafu za mwalimu wa hisabati zilizokutoa jasho ukiwa kidato cha pili. Nazungumzia grafu ya omena, na jinsi ilivyokaribia kumtia shangazi yangu katika deni asiloliweza.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Shangazi ameutii usemi huo miaka nenda miaka rudi. Yeye hununua omena kwenye fuo za Homa Bay, akawasafirisha kupitia Rodi Kopany na Rongo, akawauza katika kibanda chake sokoni mjini Migori. Kila safari huiandika daftarini usiku uo huo: tarehe, ufuo alikonunua, kiasi, bei, nauli, na jina la kila aliyekopa.

Mwaka jana aliamua kufungua kibanda cha pili. Alihitaji Sh80,000 kutoka kwa chama chao cha akina mama, alipe Sh2,000 kila wiki kwa wiki 44, pamoja na riba. Mweka hazina akamwambia, "Dada, sisi tunakuamini, lakini tuonyeshe kwamba biashara yako inaweza kulipa kila wiki." Kwa bahati mwanawe, anayesomea biashara katika chuo kimoja hapa Nairobi, alikuwa nyumbani kwa likizo na kompyuta yake ya mtumba. "Mama, niachie mimi," akasema. "Nitawachorea."

Kijana huyo alikuwa akijifunza Power BI, programu ya kampuni ya Microsoft. Kazi ya programu hii, na ya wenzake kama Tableau, ni kuchukua maelfu ya mistari ya hesabu na kuigeuza picha: mistari inayopanda na kushuka, nguzo, hata ramani. Makampuni makubwa huzitumia kujua ni bidhaa gani inayotoka na ni tawi gani linalokula hasara. Toleo la Power BI la kuwekwa kwenye kompyuta yenye Windows hupatikana bure, na kwa mwanafunzi asiye na fedha hilo si jambo dogo.

Picha zenyewe si ngeni duniani. Mskochi mmoja, William Playfair, alichapisha grafu za biashara ya Uingereza mnamo 1786. Kilichobadilika ni kwamba kazi iliyohitaji fundi wa kuchora na siku nyingi, leo huchukua sekunde. Na kosa nalo huchukua sekunde.

Kijana alikaa siku tisa akiingiza daftari la mama yake kwenye kompyuta, na hapo ndipo masomo yalipoanza. Shangazi ameandika "Sindo" ukurasa mmoja, "Sindo bichi" ukurasa wa pili, na "Sndo" pale usingizi ulipomzidi. Binadamu ataelewa kuwa ni ufuo mmoja. Programu ilihesabu fuo tatu. Kiasi nacho kiliandikwa mara kwa debe, mara kwa gunia, mara kwa gorogoro. Ukivijumlisha vyote hivyo bila kuvibadili kuwa kipimo kimoja, utapata jumla isiyo na maana yoyote.

Tarehe ndizo zilizomhangaisha zaidi. Shangazi huandika siku kwanza kisha mwezi, kama tufanyavyo sote. Kompyuta ya kijana ilikuwa imepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia. Kwa hiyo 4/8, yaani tarehe nne Agosti, ilisomwa kuwa tarehe nane Aprili. Programu haikulalamika, ilichora tu. Zilizomfichulia kosa ni tarehe kama 25/8. Kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano, hizo ndizo programu ilizozikataa.

Siku alipomaliza nilikuwepo, nimepita Migori nikielekea Isebania kikazi. Baada ya chakula alituita mezani atuonyeshe dashibodi yake, yaani ukurasa mmoja wenye picha zote muhimu za biashara. Ilipendeza kwelikweli. Kuanzia Agosti hadi Machi nguzo za kila mwezi zilisimama karibu sawa, kama askari wa gwaride. Nguzo za Aprili hadi Julai zilikuwa fupi, na hilo halikumshangaza yeyote, kwa kuwa kwa miaka mingi serikali imekuwa ikifunga uvuvi wa omena katika miezi hiyo ili wapate kuzaana.

"Faida ya mwezi wa kawaida ni Sh28,000," kijana akaeleza kwa fahari. "Tukigawanya kwa wiki nne ni Sh7,000. Mkopo unataka Sh2,000 tu. Hata miezi ya kufungwa uvuvi tutaimudu kwa akiba."

Shangazi alitazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwezi upi, baba?"

"Mwezi wa kalenda, Mama."

"Samaki hawajui kalenda. Mwezi wa juu je?"

Msomaji, ikiwa wewe ni mtoto wa mjini kama wengi wetu, yakupasa kuelezwa. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mvuvi huwasha taa juu ya maji gizani, nao omena hukusanyika penye mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote huwa na mwanga, taa ya mvuvi haiwavuti tena, na mitumbwi mingi hupumzishwa ufuoni. Siku hizo omena huadimika na bei hupanda. Shangazi huenda akarudi na gunia moja ambalo faida yake yote imeliwa na nauli, au asiende kabisa.

Sasa angalia mtego ulivyotegwa. Kutoka mwezi mpevu hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi. Kwa hiyo kipindi cha uhaba huhama: kikianguka mwishoni mwa Agosti, baada ya zaidi ya mwaka mmoja utakikuta katikati ya mwezi wa kalenda. Lakini takribani kila mwezi wa kalenda hupata kipindi kimoja cha uhaba mahali fulani ndani yake. Ndiyo maana nguzo zote zilitoka sawa! Wastani ulikuwa umeifunika njaa ya wiki moja kwa shibe ya wiki tatu.

Nilimpenda kijana kwa jambo moja: hakubishana na mama yake. Aliongeza safu mpya katika jedwali lake, akajaza umri wa mwezi wa angani kwa kila tarehe, kisha akaiamuru programu ichore wiki kwa wiki badala ya mwezi kwa mwezi. Gwaride likavunjika. Mbele yetu ukatokea mstari unaopanda na kushuka kama mawimbi, na kila penye mwezi mpevu pana shimo. Katika wiki hizo faida haikufika hata hiyo Sh2,000, na nyingine zilikuwa sufuri. Je, fedha za wiki nzuri zilikuwa wapi? Daftari lilijibu lenyewe: karo ya kijana huyohuyo.

Shangazi alikwenda kwa chama chake na karatasi moja tu, ile yenye mawimbi. Akina mama waliielewa mara moja, maana wengi wao huishi katika mawimbi hayohayo. Walikubaliana akope Sh40,000, alipe wiki tatu na kupumzika ya mwezi mpevu, na aanze kulipa Agosti uvuvi ukifunguliwa. Kibanda cha pili kinasubiri. Cha kwanza bado kipo, na kijana bado yupo chuoni.

Wanafunzi mnaotaka kujifunza programu hizi, sikilizeni. Kubonyeza vitufe utafundishwa na yeyote. Kigumu ni kujua swali la kuuliza, na mara nyingi anayelijua ni yule anayeshika biashara, hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Anza na hesabu za nyumbani kwenu. Ikiwa mzazi hana daftari, basi mwombe taarifa ya M-Pesa, lakini keti naye akueleze kila mstari, kwa maana fedha za stoki na fedha za sukari hupita mlango mmoja.

Jihadhari pia na picha zinazodanganya kwa hesabu za kweli. Katika sensa ya 2019, kaunti ya Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Migori watu 1,116,436. Tofauti ni watu 15,514, haizidi sana mtu mmoja kwa kila mia. Chora nguzo mbili kuanzia sufuri, zitalingana karibu kabisa. Lakini anza kuzichora kutoka 1,110,000, na Homa Bay itaonekana kuizidi Migori zaidi ya mara tatu! Hakuna tarakimu hata moja iliyobadilishwa. Kwa hiyo ukionyeshwa nguzo, kwenye mkutano wa hadhara au na mwenye kukuuzia kitu, tazama kwanza chini zinapoanzia.

Jambo la mwisho ni siri za watu. Daftari la shangazi lina majina ya wadeni na nambari zao za simu. Huduma kama Tableau Public ni ya bure, lakini kazi unayoichapisha huko huonekana na ulimwengu mzima. Futa majina kabla hujapeleka kitu chochote nje. Mtu aliyekopa gorogoro moja ya omena hastahili kuanikwa pamoja nao.

Jioni ya leo, msomaji wangu, baada ya sahani kuoshwa, mwombe mama, baba au shangazi akufungulie daftari lake. Usimwambie utamfundisha. Mwambie akufundishe, kisha uchore.

Tukutane tena Jumapili ijayo, Mungu akipenda.